Kipimajoto Hujipima Chenyewe

 Ukiwa jikoni, ukiwa dukani au ukiwa dikoni unasubiri mashua zirudi, tega sikio. Leo nazungumzia kipimajoto: kipi cha kununua, vipi kitumike, na vipi kitunzwe kisije kikakudanganya.

Habari hii nataka tuitazame kutokea Wambaa, Wilaya ya Mkoani, upande wa magharibi wa Pemba. Ukikaa pwani ile utaona karibu kila kazi inayohitaji chombo hiki. Kuna mtoto aliyeamka na homa usiku. Kuna jodari anayetakiwa afike sokoni au hotelini akiwa mzima. Kuna chanjo zinazosafiri kutoka bohari hadi kituo cha afya. Kuna kuku na mayai, kuna friji inayokatikiwa umeme. Na ukipanda gari kuelekea Chake Chake, utakifikia kiwanda cha Wawi kinachotoa mafuta ya makonyo ya karafuu. Nyumba na kiwanda vimepakana, na chombo ni kilekile.

Jambo moja nataka ulishike leo, hata mengine yakikupita. Kipimajoto hakipimi mtoto, hakipimi samaki, wala hakipimi friji. Kinajipima chenyewe. Namba unayoisoma ni joto la ile ncha yake, pale ilipo, kwa wakati ule. Ni kama mjumbe: atakueleza alichokiona aliposimama, hawezi kukueleza ya chumba ambacho hakuingia. Kwa hiyo kazi ya mpimaji ni kuhakikisha ncha ile imekuwa na joto sawa na kitu anachotaka kukijua. Hapo ndipo watu wengi huteleza, na wasomi wakubwa pia.

Chukua kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, Lushoto, huko Bara. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa huchemshwa, hutiwa sukari, husubiriwa yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Siku moja Mpemba akaona nafasi ya friza inakwisha, akayaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alitembelewa shuleni na mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akamuuliza: vyombo viwili vya maji sawa, kimoja kina nyuzi 35 na kingine 100, vyote viingie kwenye friza, kwa nini kile cha moto kigande kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alikwenda akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo duniani jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walilirudia jaribio hilo kwa uangalifu. Walichopima wao ni muda wa maji kupoa hadi kufika nyuzi 0, na hawakuona maji ya moto yakiyatangulia ya baridi. Wakagundua jambo jingine linalotuhusu sisi. Kipimajoto kikipandishwa au kushushwa kwa sentimita 1 tu ndani ya chombo, ilitosha kuleta matokeo yanayofanana na yale ya Mpemba, maana maji katika chombo kimoja hayana joto moja kutoka juu hadi chini. Mjadala haujesha, na wanafizikia bado wanalitafuta jambo hilo katika vitu vingine. Lakini somo letu tumelipata: sentimita moja inaweza kugeuza jibu. Basi kila unapokishika kipimajoto jiulize mambo matatu: kiko wapi, kimekaa muda gani, na je, chenyewe kinasema kweli?

Tuanze na mtoto. Kwetu kipimajoto cha homa hutiwa kwapani, na hapo ni mahali pazuri, pa salama na pa stara. Lakini kwapa lina masharti. Kama mtoto ametoka jasho, lifute kwanza. Ncha iguse ngozi katikati ya kwapa, isitokeze kwa nyuma wala isikutane na nguo. Mkono ubanwe kifuani na ushikiliwe. Cha kioo kikae dakika 5 kamili. Cha dijitali kikae mpaka kilie, usikichomoe kwa sababu namba imeanza kupunguza mwendo. Na kama mtoto amefunikwa mablanketi mawili, au ametoka kuoga, mwache dakika kumi na tano hivi ndipo umpime.

Kwapani, nyuzi 37.5 na kuendelea huhesabiwa kuwa ni homa. Kwapa husoma chini kidogo kuliko ndani ya mwili, ndiyo maana ukiambiwa na mtu mwingine kuwa homa huanzia 38, muulize amepima wapi. Mkono wa mama kwenye paji la uso una kazi yake: unaweza kukuambia kuwa mtoto ana joto. Hauwezi kukuambia kama jana usiku alikuwa 38 na asubuhi hii 39.5, na hilo ndilo daktari analotaka kulisikia. Kwa hiyo andika: saa ngapi, nyuzi ngapi, umepima wapi, dawa ya homa umempa saa ngapi.

Lakini mama, usikipe chombo hiki kazi isiyo yake. Kipimajoto hakisemi malaria. Zamani Pemba homa ilikuwa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Leo kiwango cha malaria Zanzibar kimeshuka kwa miaka mingi hata chini ya asilimia 1 ya watu, ingawa ugonjwa haujaondoka na hurudi kwa mawimbi. Maana yake homa nyingi sasa zina sababu nyingine, na njia ya kujua ni kipimo cha damu kituoni. Na mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu mwenye homa, au mtoto yeyote anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu au anayepata degedege, apelekwe kituoni hapohapo. Namba zitasubiri.

Sasa kipi ununue? Kile cha kioo chenye zebaki kimetulea wengi. Ndani yake kuna mbano mdogo juu ya tungi la zebaki, ndio unaoizuia zebaki isishuke unapokitoa kwapani, na ndio maana lazima ukikung'ute mpaka kiende chini ya 35 kabla ya kupima tena. Kina sifa ya kutohitaji betri. Ila zama zake zimekwisha: Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa Japani mwaka 2013, ukaanza kutumika 2017, na kwa mujibu wake utengenezaji na biashara ya nje ya vipimajoto vya zebaki ulipaswa kusita ifikapo 2020. Ukikikuta dukani leo, kiache. Nunua cha dijitali cha kawaida cha kwapani. Bei yake si kubwa, ncha haivunjiki, na kizuri hakikosei zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzi mmoja.

Na kama kile cha zamani bado kimo kabatini, kiweke mbali na watoto, kisha uliza kituo cha afya wapi pa kukipeleka. Kikivunjika, usifagie kwa ufagio. Ufagio huzipasua chembe za zebaki zikazidi kuwa ndogo na kutawanyika. Watoe watoto, fungua madirisha, vua pete na bangili zako za dhahabu, kwa sababu zebaki huishika dhahabu na kuiharibu. Zikusanye chembe kwa kipande cha karatasi ngumu, zitie kwenye chupa yenye maji kidogo, uikaze kifuniko. Usizimwage chooni wala kisimani. Watoto huziona zile lulu zinazoviringika wakataka kuzichezea. Mvuke wa zebaki hauonekani na hauna harufu, na ndio wenye madhara.

Tutoke ndani twende dikoni. Bahari yetu, kutegemea msimu, ina joto la kati ya nyuzi 25 na 30. Samaki anapotolewa majini ana joto kama hilo au zaidi, na kuanzia hapo saa inahesabu. Kwa jodari, nguru na vibua, hatari yake si harufu tu. Nyama yao ikikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza kemikali iitwayo histamini, inayomfanya mlaji awe mwekundu usoni, awashwe, aumwe kichwa na moyo umwende mbio. Histamini ikishaingia haitoki kwa kupikwa, wala kwa kukaangwa, wala kwa kutiwa barafu baadaye. Kwa hiyo samaki hawa wanatakiwa washuke haraka chini ya nyuzi 4, na karibu na 0 ndiyo bora.

Mnunuzi wa hoteli huja na kipimajoto cha sindano. Mvuvi aliye na chake hapunjwi. Lakini uchome wapi? Usiguse ngozi, ngozi imelala juu ya barafu na itakupa habari ya barafu. Mchome pale palipo nene kuliko pote, nyuma ya kichwa, ncha ifike karibu na uti wa mgongo. Jodari mkubwa ngozi yake inaweza kusoma nyuzi 2 na moyo wa nyama ukawa bado 15. Safisha sindano kabla ya kuhamia samaki mwingine. Na barafu iliyochanganywa na maji humpoza samaki haraka kuliko mabonge makavu, kwa sababu maji humgusa kila upande, ilhali bonge humgusa pembeni tu.

Turudi nyumbani kwenye friji. Tangu mwaka 2010 Pemba imepata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na friji zimeongezeka. Ile namba iliyoandikwa kwenye kitufe, 1 mpaka 7, si nyuzi. Ni nguvu ya mashine tu. Chukua kipimajoto kidogo, kitie ndani ya glasi ya maji, kiweke rafu ya kati, uangalie asubuhi inayofuata kabla mtu hajafungua mlango. Ndani ya maji kitakuambia hali ya chakula, maana hewa ya friji hupanda na kushuka kila mlango ukifunguliwa. Unataka 4 au chini yake, na friza 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usifungue. Ukirudi, isome ile glasi kwanza, ndipo uamue maziwa ni ya kunywa au ya kumwaga.

Wagonjwa wa sukari nao wanaguswa hapa. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa aghalabu huweza kukaa nje kwa muda wa wiki nne, alimradi joto lisizidi 30. Soma karatasi ya dawa yako. Wasio na friji huiweka kwenye mtungi wa udongo unaotoa jasho. Ni njia njema, lakini mtungi hupoza kwa maji kukauka, na hewa ya Pemba ikijaa unyevu maji hayakauki upesi. Tia kipimajoto ndani ya mtungi wako uone. Wa jirani unaweza kuwa sebuleni kwenye upepo na wako ukawa jikoni.

Chanjo zina mpaka huohuo, 2 mpaka 8, na muuguzi huusoma na kuuandika asubuhi na jioni kila siku. Wengi hudhani adui wa chanjo ni joto peke yake. Baridi kali nayo huua: chanjo ya homa ya ini B na ile ya magonjwa matano zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka na kuonekana safi. Chupa nyingi za chanjo huwa na alama ndogo, mraba ndani ya duara, unaobadilika rangi kadiri joto linavyoilemea ile chupa. Nacho ni kipimajoto cha aina yake: hakikuambii joto la sasa, kinakuwekea hesabu ya joto lote la safari. Lakini alama hiyo haijui kuganda. Kwa hiyo kituo kinahitaji pia kifaa kinachorekodi mchana na usiku, kwa sababu usiku wa manane hakuna muuguzi wa kusoma.

Wafugaji wa kuku wanaonunua mashine za kutotolea wanajua kuwa yai hutaka nyuzi 37.5, namba ileile ambayo kwapani mwa mtoto tunaiita homa. Mashine yenye feni, hewa yake imechanganyika, soma popote karibu na mayai. Mashine isiyo na feni, hewa ya juu ni ya moto kuliko ya chini, kwa hiyo ncha iwe sawa na migongo ya mayai, isibandikwe kwenye dari. Hapo tena utaiona sentimita ya Burridge na Linden, na safari hii inalipwa kwa vifaranga.

Sasa viwandani. Katika kukamua mafuta ya makonyo, mvuke hupitishwa ndani ya makonyo, huyabeba mafuta, kisha hupozwa kwa maji ukarudi kuwa kimiminika. Kiini cha mafuta hayo, eujenoli, kikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254, lakini kikisindikizwa na mvuke wa maji hutoka chini kidogo ya 100. Fundi wa kazi hii huhitaji kujua joto sehemu mbili angalau: pale mvuke unapotokea na pale kimiminika kinapotiririka baada ya kupozwa. Joto la hapo pa pili likipanda, maji ya kupozea hayatoshi na mafuta yanapaa na hewa. Pesa inapaa.

Kwa mitambo, kile cha mshale kinachofanana na saa kinafaa kwa macho ya haraka. Ndani yake kuna bamba la metali mbili zinazotanuka tofauti. Ukitaka usahihi, kuna waya wa platinamu ambao ukinzani wake ni omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Kwa tanuri la mkate au moto mkali zaidi hutumika themokapo, nyaya mbili za metali tofauti zilizoungwa ncha. Themokapo ina mtego mmoja: ukiurefusha waya wake, tumia waya wa aina yake na uangalie upande. Ukiunga kwa waya wa taa, namba itakuja vizuri kabisa, na itakuwa ya uongo. Na kipimo kikitiwa ndani ya kifuko cha chuma kwenye bomba, hakikisha kifuko kimefika katikati ya mkondo na hakina hewa tupu ndani, la sivyo kitachelewa.

Halafu kuna chenye umbo la bunduki, tulichokizoea wakati wa UVIKO. Hicho husoma miale ya joto inayotoka juu ya ngozi ya kitu, basi. Mtu aliyeendesha bodaboda katika upepo paji lake ni baridi; aliyesimama juani paji lake ni moto; wote wawili wakae kivulini dakika kadhaa kwanza. Cha kiwandani kisitumike kwa watu. Ile nukta nyekundu haipimi, inaonyesha tu unapoelekea, na eneo linalopimwa huwa kubwa zaidi kadiri unavyosogea nyuma. Sufuria inayong'aa itakudanganya, kwa sababu metali ya kung'aa hutoa miale michache na kuakisi ya kwako. Bandika kipande cha utepe mweusi unaostahimili moto, upime juu yake.

La mwisho ni matunzo. Futa ncha ya cha kwapani kwa pamba yenye spiriti kabla na baada, usikichemshe. Cha jikoni kisiingie kwapani na cha kwapani kisiingie jikoni. Kisikae juu ya dirisha la jua wala ndani ya gari. Betri ikififia, badilisha kabla namba hazijaanza kuruka. Na usiridhike kwa sababu kioo kinaonyesha tarakimu mbili baada ya nukta. Wingi wa tarakimu si ukweli wa tarakimu.

Ukweli utaupata kwa barafu. Saga barafu ya maji ya kunywa, ijaze glasi, ongeza maji baridi mpaka yafikie juu ya barafu, koroga, subiri dakika tatu. Tumbukiza sindano katikati, isiguse kioo, koroga tena. Isome 0. Barafu na maji yote yawe matamu, msikilizaji wa pwani: maji ya bahari huganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, na chumvi itakuvurugia kipimo chote. Kisha jaribu maji yanayochemka. Hapa tuna neema ya kukaa usawa wa bahari: maji yetu huchemka kwenye 100, wakati Nairobi huchemka yapata 94 kwa ajili ya mwinuko. Jaribio hili ni la vipimajoto vya jikoni, vya samaki na vya mitambo. Cha homa usikitie barafuni wala kwenye maji ya moto. Hicho kilinganishe na kingine kizuri ndani ya maji ya vuguvugu ya nyuzi 37.

Kikisoma 1 badala ya 0, si lazima ukitupe. Andika “toa moja” kwenye kipande cha plasta, ukibandike mgongoni mwake, na kila atakayekishika atajua. Kikisoma 1 leo na 3 kesho, hicho kimekwisha. Kosa linalotulia lina dawa, kosa linalotangatanga halina.

Kazi yenu ya wiki hii, basi, ni glasi moja ya barafu kwa kila kipimajoto cha jikoni na cha dikoni, na plasta yenye tarehe.